Unga wa mbao: chagua vyema, pika sana, ndipo upande uyoga

Je, msomaji, umewahi kupita kando ya karakana ya seremala kule Butali, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, ukaona unga wa mbao ukichomwa kama takataka? Unga huo waweza kukuza shiitake, uyoga wa kahawia wenye asili ya Asia Mashariki. Kule huota kwenye magogo, lakini siku hizi wengi huukuza katika mifuko ya unga wa mbao.

Hata hivyo, tahadhari! Uyoga hunyonya kilichomo katika chakula chake. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huweza kuwa na aseniki, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hivyo, muulize seremala kwanza.

Kuchagua: Tafuta unga wa mkalitusi au grevilea isiyotiwa dawa. Epuka sipresi na paini, kwani utomvu wake huzuia uyoga kukua. Epuka pia mbao zilizounganishwa kwa gundi. Funika pua na mdomo unapokusanya. Vumbi hili hudhuru mapafu.

Kuchanganya: Twaa kilo 8 za unga mkavu, kilo 2 za pumba za ngano na gramu 100 za jasi. Tia maji kidogo kidogo. Kamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakitiririka, yamezidi. Pika siku hiyo hiyo, kwani mchanganyiko ukilala huchacha.

Kupika: Jaza mifuko ya plastiki isiyoyeyuka kwa moto, kilo 1 au 2 kila mmoja. Ipange ndani ya pipa, juu ya wavu ulioinuliwa ili maji yasiifikie. Maji yakianza kuchemka, hesabu saa 10, ukiongeza mengine ya moto yanapopungua. Usizibe kifuniko kabisa. Mvuke ukikosa njia, pipa laweza kulipuka.

Wengi huharibikiwa hapa kwa kuepua mapema ili kuokoa kuni. Vijidudu vilivyosalia hula pumba kabla ya uyoga, na mfuko huota kuvu ya kijani. Mfuko kama huo usiufungue nyumbani. Uupeleke mbali uufukie.

Kupanda: Acha mifuko ipoe kabisa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha utie mbegu za uyoga mahali pasipo upepo. Subiri miezi miwili au mitatu, hadi bonge ligeuke kahawia.

Mwisho, usile shiitake mbichi wala iliyopikwa nusunusu. Kwa watu wengine huleta vipele vya kuwasha, vilivyojipanga kwa mistari kama alama za kiboko. Ipike mpaka iive kabisa, ndipo uiandae mezani kwa ugali.