Kutua na Kugeuka: Istilahi za Lava wa Baharini

Mwanafunzi wa shule ya msingi katika mitaa ya Kaloleni, Umoja au Dandora jijini Nairobi hufunzwa mapema majina ya wana wa viumbe: kiluwiluwi wa chura, kiwavi wa kipepeo, tunutu wa nzige. Aidha, viluwiluwi wa mbu hujionea mwenyewe katika maji yaliyotuama mitaroni. Je, mwana wa tumbawe aitweje?

Suala hili si la msamiati pekee. Kiluwiluwi wa mbu hugeuka kwa amri itokayo mwilini mwake: homoni inayomhifadhi katika umbo la utoto ikipungua, homoni nyingine, ekdisoni, humfanya awe pupa. Lava wa viumbe wengi wa baharini, kinyume na hayo, huelea hadi apokee ishara ya kikemikali kutoka nje, inayomjulisha kuwa mahali panafaa. Mnamo 1979, Daniel Morse na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba GABA, kemikali ipatikanayo pia katika ubongo wa binadamu, huwafanya lava wa abaloni, aina ya konokono wa baharini, watue na kugeuka. Kwa matumbawe mengi, ishara hutoka kwa mwani mwekundu wenye chokaa na bakteria waishio juu yake.

Hapa ndipo lugha inapopimwa. Mnamo 2011, watafiti wa tumbawe Acropora millepora walitambua ishara mojawapo itengenezwayo na bakteria, yaani tetrabromopiroli. Lava wengi walioipata waligeuka umbo pasipo kujishikiza mwambani. Basi kutua ni tendo moja na kugeuka ni jingine. Istilahi ya jumla kama "mabadiliko" ingeificha tofauti hiyo, ilhali Kiswahili tayari kina vitenzi vyote viwili.

Wala mada hii haiko mbali na Eastlands. Mto Nairobi hupitia Dandora, hujiunga na Athi, na maji yake huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Tope la mto likiufunika mwani, lava hukosa pa kutua, na miamba iliyoathiriwa na joto la bahari la 1998 huchelewa kupona.

Ni bayana, basi, kwamba mwundaji istilahi hana budi kulielewa tendo kwanza, ndipo alichagulie neno.