Nani Atambeba Nani? Kupanga Usalama wa Hospitali Kabla ya Siku ya Hatari

Somo la safari hii ni la familia zilizokimbilia Mulekera na mitaa mingine ya mji wa Beni, pamoja na viongozi wao. Linahusu jambo ambalo kwa kawaida tunamwachia daktari mkuu na polisi: hospitali itafanya nini siku ya hatari, iwe ni tetemeko, mafuriko, ugonjwa wa mlipuko au risasi. Tunasema tangu mwanzo kwamba hao wawili peke yao hawawezi. Wengi wenu mlitoka upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, na mmekwisha kukimbia zaidi ya mara moja. Katika nyumba zenu inajulikana nani anatangulia na mtoto mchanga, nani anamshika bibi mkono na nani anabeba sufuria. Hospitali nyingi hazina mpango ulio wazi kama huo.

Hatari hazingojani zamu

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola baada ya ugonjwa kuonekana Mangina, karibu kilomita 30 kutoka mjini Beni. Kabla ya miezi miwili kwisha, tarehe 22 Septemba, watu wenye silaha waliingia mjini na kuua raia. Mji ukafunga shughuli kwa maombolezo, na kwa siku kadhaa timu za afya zikashindwa kuwafikia watu waliokutana na wagonjwa. Mwezi Desemba tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Kesho yake, tarehe 27, waandamanaji walivamia kituo cha Beni ambamo walitengwa watu walioshukiwa kuwa na ugonjwa huo, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia.

Tukio hilo linafundisha. Waliovamia hawakuwa na ugomvi na vitanda. Walikuwa na swali juu ya kura yao ambalo hakuna aliyewajibu, na kituo cha afya ndicho kilichokuwa karibu.

Miezi miwili baadaye zamu ilikuwa ya Butembo. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu ya Ebola cha Katwa kilishambuliwa na sehemu yake kuchomwa. Ndugu wa mgonjwa mmoja alikufa, na inasemekana alikuwa akijaribu kukimbia. Siku tatu baadaye kituo cha Butembo kilishambuliwa kikiwa na wagonjwa wapatao 50, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likasimamisha kazi yake katika vituo vyote viwili. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Baada ya mashambulio hayo ziliongezwa bunduki. Hatusemi kwamba askari hawahitajiki kamwe. Mtu aliyeona yaliyotokea Lume mwaka 2022, au Maboya mwezi Oktoba mwaka huohuo, ambako hospitali ilichomwa na mtawa mganga akauawa, hatatusikiliza tukisema hivyo. Lakini bunduki mlangoni haikuondoa tetesi mitaani. Mara nyingine iliziongeza, maana watu waliuliza: kama ni dawa, mbona inalindwa kama almasi?

Wale wasiohesabiwa

Tumrudie yule ndugu wa mgonjwa wa Katwa. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mfanyakazi. Katika hospitali zetu watu wa namna yake ndio wengi: mama, kaka au binti anayelala chini ya kitanda, anayepika nje na kufua nguo. Mwezi Novemba 2025, huko Byambwe katika wilaya ya Lubero, washambuliaji waliua watu wasiopungua 17 katika kituo cha afya, wakiwemo akina mama. Hatari ikiingia usiku, haichagui mwenye karatasi ya kulazwa. Lakini mpango wa usalama, pale ulipo, huhesabu wagonjwa na wafanyakazi tu.

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue hospitali ya mfano yenye wagonjwa 50 usiku mmoja. Kila mmoja ana mlinzi wake, na wengine wana watoto wadogo waliokosa pa kuachwa. Tayari tumepita watu 100. Wauguzi wa usiku, tuseme, ni sita. Kati ya wagonjwa, 26 wanaweza kutembea wenyewe, 12 wanahitaji kushikwa mkono, na 12 hawawezi kunyanyuka: waliopasuliwa, waliovunjika miguu, mama aliyejifungua jioni ile. Kumbeba mtu mmoja kwenye machela hadi mahali salama kunataka watu wanne. Basi tunahitaji mabega ya watu 48, na tuna wauguzi sita, ambao kati yao mmoja lazima abebe dawa na mwingine daftari la majina. Wanaobaki watatoka wapi? Watatoka kwa wale wasiohesabiwa, na kwa vijana wa mitaa ya jirani.

Hapo ndipo mpango unapoanza. Kila jioni muuguzi anaweza kufunga kitambaa kwenye kitanda: rangi moja kwa anayetembea, nyingine kwa anayeshikwa, nyingine kwa anayebebwa. Mlinzi wa mgonjwa aelezwe siku ya kwanza, kwa Kiswahili au Kinande, kitambaa kile kina maana gani na jirani yake wa kitanda ni mzigo wa nani. Haigharimu fedha nyingi. Inagharimu dakika kumi, na heshima ya kumwona mama yule wa sufuria kuwa sehemu ya hospitali.

Kengele moja haitoshi

Makosa tuliyoyaona mara nyingi ni kuwa na kengele moja na agizo moja: wote tokeni, kusanyikeni uwanjani. Kwa moto agizo hilo ni zuri. Tetemeko likianza, kwanza watu wajikinge kichwa, kisha watoke na kukaa mbali na kuta. Na sisi tunakaa katika Bonde la Ufa, chini ya Ruwenzori. Ardhi hii inatikisika. Kwa mafuriko lazima kupanda juu. Kwa watu wenye silaha, uwanja uliojaa wagonjwa ni mahali pabaya kuliko pote; pengine ni afadhali kulala chini nyuma ya ukuta na kufunga mlango. Na wakati wa Ebola, aliyetengwa hawezi kukusanywa na waliojifungua: ni lazima pawepo mahali pawili na njia mbili.

Ndugu zetu Wakonzo, ng'ambo ya Ruwenzori, wanajua habari ya maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika katika Kasese, Uganda, ukaingia katika hospitali ya Kilembe, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Mei 2020 mto ulirudi na kuiharibu tena. Hospitali ile iko bondeni, na mto haukuhama. Kabla ya kuuliza walinzi ni wangapi, tuulize maji yanapita wapi wakati wa masika, na ghala la dawa liko juu au chini.

Goma nayo ilitufundisha juu ya majina. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao katika kukimbia. Mtoto mchanga hawezi kutaja baba yake. Kipande cha plasta mkononi chenye jina la mama na mtaa kinatosha.

Lango na ufunguo

Sheria ya vita inailinda hospitali. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema hivyo, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikumbusha tarehe 3 Mei 2016 katika azimio namba 2286. Askari aliyejeruhiwa akitibiwa ndani, hospitali haipotezi ulinzi huo. Inaupoteza ikitumiwa kumdhuru adui, kwa mfano kuweka ndani yake mahali pa kufyatulia risasi. Kwa hiyo desturi ya kuacha silaha nje ya lango inamhusu kila mtu: askari, kijana wa kundi la kujilinda, hata mkubwa anayekuja kumwona shangazi yake. Viongozi wa mtaa ndio wanaoweza kuwaambia vijana jambo hili wakasikilizwa.

Kuna jambo lingine la lango, nalo ni gumu kulisema. Katika baadhi ya hospitali mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli ili wasiolipa wasitoroke, na ufunguo huwa katika mfuko wa mtu mmoja ambaye usiku yuko kwake. Wanaobaki ndani kwa deni mara nyingi ni wakimbizi, kwa sababu shamba lililowalipia dawa liko mahali wasipoweza kurudi. Tunaelewa kwamba hospitali bila mapato haiwezi kununua hata pamba. Lakini deni lidaiwe kwa njia nyingine, maana siku ya moto kufuli hiyo itaua. Kamati ikikaa, hili liwe jambo la kwanza kuulizwa: ufunguo wa pili uko kwa nani?

Kukaa pamoja

Mpango unaokaa katika kabati ya mkurugenzi, umeandikwa kwa Kifaransa na kupigwa muhuri, hautambeba mtu. Waitwe mezani daktari wa eneo la afya, mkuu wa mtaa, wazee wa dini, wajitolea wa Msalaba Mwekundu, vijana wa pikipiki, mwakilishi wa wakimbizi wa ndani, na akina mama wanaopika pale hospitalini. Hao wa mwisho wajue si wageni waalikwa; ndio wanaojua ni mlango upi unakwama. Mazoezi yafanyike mchana, na mtaa utangaziwe mapema, kwa kuwa katika mji wetu watu wakiona wagonjwa wanakimbizwa, wote watakimbia. Njia za kutokea zijulikane na wote. Zamu za walinzi na mahali pa ghala, hapana. Hayo yabaki kwa wachache.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, ni watu wangapi wasio wagonjwa wanaolala humo usiku? Nani anawahesabu?

2. Ni tetesi gani inayosemwa sasa mtaani juu ya hospitali hiyo, na nani anaweza kuijibu akaaminiwa?

3. Familia yenu mlipokimbia kijijini, nani alisahauliwa au kuachwa nyuma? Ilitokeaje?

4. Kama hospitali ingelazimika kuhama usiku wa leo, vijana wa mtaa wenu wangejuaje kwamba wanaitwa, na wangeingia kwa mlango upi?