Zege Lihifadhilo Baridi: Somo Kutoka Harare

Mwalimu anayefundisha habari za joto katika kidato cha tatu huulizwa mara kwa mara: "Elimu hii itatufaa nini?" Makala haya yanajibu kwa mfano wa jengo moja, na kuonyesha jinsi somo hilo hilo linavyoendelezwa na wanafunzi wa shahada ya pili wanaochunguza nishati na majengo.

Mwaka 1996 lilifunguliwa mjini Harare, Zimbabwe, jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililosanifiwa na Mick Pearce. Jengo hilo halikuwekewa mtambo wa kawaida wa kupoza hewa. Harare iko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa na ubaridi kuliko mchana. Usiku, mapangaboi husukuma hewa baridi kupitia nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege, na zege hupoa. Mchana, hewa iendayo ofisini hupitia nafasi hizo hizo na kuliachia zege sehemu ya joto lake. Hewa iliyokwisha pata joto hupanda kwa myuko na kutokea katika madohani yaliyo juu ya paa.

Kwa nini zege?

Tuchukue darasa lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 6 na kimo cha meta 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 144. Ili kupandisha joto la hewa yote hiyo kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, zatakiwa kilojuli 173 hivi. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 takriban. Basi wanafunzi 40 hutoa kilojuli 14,400 kwa saa moja. Kama joto hilo lote lingebaki hewani, hewa ingepanda kwa nyuzi 83!

Jambo hilo halitokei, kwa sababu joto hutoka madirishani na kupokewa na kuta na sakafu. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimeta 10 katika darasa hilo huhitaji kilojuli 10,100 hivi ili ipande nyuzi 1. Kama ingepokea joto lote la saa ile, ingepanda nyuzi 1.4 tu. Zege, basi, ni ghala la joto.

Mfano wa kichuguu

Msanifu alivutiwa na vichuguu vya mchwa, ambavyo vilidhaniwa kuwa hutunza joto lisibadilike kwa kupitisha hewa. Mwaka 2008 watafiti Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba vichuguu walivyovichunguza havikufanya kazi kwa namna hiyo. Hata hivyo jengo lapoa, kwani hoja yake imesimama juu ya zege na hewa ya usiku. Fikra yaweza kuzaliwa na mfano usio sahihi. Kinachoihukumu ni vipimo.

Kazi ya shahada ya pili

Mwanafunzi wa ngazi hiyo hujifunza kupima, kukadiria kwa kompyuta, kisha kulinganisha makadirio na vipimo. Hujiuliza pia pangaboi liwashwe lini. Vipimajoto vya umeme vyaweza kuliwasha pale tu hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko zege. Lakini umeme unaotumika lazima uwe mdogo kuliko ule ambao ungetumiwa na mtambo wa kupoza.

Asidhani kwamba jibu la Harare lafaa kila mahali. Katika mwambao wetu, Mombasa au Dar es Salaam, usiku huwa na joto na unyevu, hivyo ghala halipati nafasi ya kupoa vya kutosha. Huko kivuli, dari chini ya bati, na madirisha yanayopokea upepo ndiyo yenye faida zaidi.

Zoezi

1. Pimeni joto la hewa ndani ya darasa, hewa ya nje kivulini, na uso wa sakafu, kila saa tangu asubuhi hadi jioni. Choreni grafu tatu katika karatasi moja.
2. Ni kipimo kipi kilichochelewa kupanda? Elezeni sababu.
3. Je, jengo la namna ya Eastgate lingefaa mahali penu? Toeni hoja kwa vipimo vyenu wenyewe.