Mizani ya Kielektroniki kwa Mtoto Mchanga: Inavyopima na Namna ya Kuichagua

Dozi ya gentamisini kwa mtoto mchanga huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito. Uzito ukikosewa, dozi nayo imekosewa, hata kama hesabu ya daktari ni sahihi. Kwa sababu hiyo, ni vema mhudumu wa wadi ya wazazi afahamu kilichomo ndani ya mizani anayoitumia kila siku.

Chini ya sinia ya mizani kuna kipande cha chuma, aghalabu aloi ya alumini, kilichotobolewa katikati ili kipinde kidogo kinapobebeshwa mzigo. Hicho ndicho kihisi mzigo. Juu yake hugandishwa vipande vinne vya foili nyembamba. Mtoto anapolazwa, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho: foili mbili huvutwa na ukinzani wake wa umeme huongezeka, mbili nyingine hubanwa na ukinzani wake hupungua. Zote nne huunganishwa katika daraja la Wheatstone, na tofauti hiyo hutoka ikiwa volti ndogo mno. Mbinu ya kugandisha foili ina asili yake katika kazi waliyoifanya Edward Simmons na Arthur Ruge nchini Marekani mwaka 1938, kila mmoja kwa njia yake. Wao walitumia nyaya.

Ni ndogo kiasi gani? Chukua kihisi cha kilo 20 kinachotoa milivolti 2 kwa kila volti inayokilisha. Kikilishwa volti 5, mzigo wa kilo 20 hutoa milivolti 10 tu, na gramu 10 hutoa mikrovolti 5. Kihisi cha namna hiyohiyo kilichotengenezewa kilo 150 hutoa chini ya mikrovolti 1 kwa gramu hizo 10. Ndiyo maana mizani ya watu wazima haifai kwa mtoto mchanga, hata ikiwa na kioo kizuri chenye tarakimu nyingi.

Umbo nalo lina kazi yake. Mizani ya kuning'iniza hutumia kihisi chenye umbo la herufi S. Mizani ya kusimamia mara nyingi huwa na vihisi vinne pembeni. Kwa sinia ya mtoto, kihisi kimoja cha katikati hutosha, mradi kiwe kile kilichotengenezwa kusoma sawasawa hata mtoto akijisogeza upande mmoja. Watoto, kama tujuavyo, hujisogeza.

Kihisi hupima kani tu, wala hakijui imetoka wapi. Katika wadi moja nilimoitwa, mtoto aliyezaliwa na gramu 3,000 alisomeka gramu 2,610 siku ya tatu: upungufu wa asilimia 13. Tulikuwa tumeshaandaa vipimo vya damu na dripu, na mama alikuwa akilia kwamba maziwa yake hayatoshi. Muuguzi mmoja akaona ukingo wa sinia umeegemea ukuta. Ukuta ulikuwa umebeba sehemu ya mtoto! Tulipoisogeza mizani ilisoma gramu 2,790, yaani asilimia 7, jambo la kawaida kwa siku hizo. Dripu ikarudishwa kabatini.

Kwa kuwa hupimwa kani, mvutano wa dunia nao huhusika. Mizani iliyorekebishwa Ulaya ya kaskazini ikiletwa Dar es Salaam bila kurekebishwa tena husoma pungufu kwa takriban asilimia 0.3, yaani gramu 9 kwa mtoto wa kilo 3. Si nyingi, lakini muuzaji aulizwe.

Unaponunua, tafuta mizani ya kilo 15 hadi 20, yenye hatua za gramu 10 au chini yake, na inayotumia betri umeme ukikatika. Ikishafika, isigeuzwe meza ya katoni za dripu: mzigo uliozidi huacha chuma kimepinda daima, na sifuri huhama.

Kila Jumatatu weka jiwe la kilo 2 katikati ya sinia, kisha kwenye pembe zote nne. Usomaji ukitofautiana kwa zaidi ya hatua moja, mizani iondolewe na fundi aitwe. Pasipo jiwe, tafuta kitu kigumu kisichobadilika, kipimwe siku ya uhakiki, uzito wake uandikwe ubavuni, kisha kitumike hicho.