Ndoa ya Mataifa Mawili Inapovunjika: Mtoto Atakaa na Nani?

Katika miji ya Malindi, Watamu na Mtwapa, ndoa kati ya Mkenya na mgeni si jambo la ajabu. Waitaliano, Wajerumani, Waingereza na Waswisi wameoa na kuolewa hapa, wakajenga, na wakapata watoto wanaozungumza lugha mbili au tatu kabla ya kuingia darasa la kwanza. Baadhi ya ndoa hizo huvunjika, kama zinavyovunjika ndoa nyingine. Hapo huzuka swali zito kuliko la nyumba au shamba, kwa sababu nyumba na shamba hazipandi ndege. Mtoto anaweza kupandishwa ndege leo na kesho akaamka bara jingine.

Masuala ya ndoa, talaka na malezi ya watoto yako chini ya mahakama na serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haiamui mtoto akae na nani. Hata hivyo, wazazi wengi hutafuta ushauri wakati mtoto ameshaondoka, na wakati huo njia zilizobaki huwa chache na za gharama. Somo hili linaeleza sheria ilivyo na hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua mapema.

SHERIA YA KENYA INASEMA NINI

Msingi wa yote ni Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010. Kifungu hicho kinasema mambo mawili ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. La kwanza, mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. La pili, katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyafafanua mambo hayo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakimu haulizi ni mzazi yupi ana pesa nyingi, ni yupi raia, wala ni yupi aliyekosea katika ndoa. Anauliza ni mpango upi utamfaa mtoto. Ataangalia umri wake, afya yake, shule anayosoma, ni nani aliyekuwa akimlea siku zote, ndugu zake wako wapi, na kama kuna hatari ya kupigwa au kudhulumiwa. Mtoto aliyefikia umri wa kujieleza husikilizwa, na maoni yake hupimwa kulingana na umri na ukomavu wake.

Kwa miaka mingi mahakama zimekuwa zikielekea kumwachia mama mtoto mdogo. Mwelekeo huo bado una uzito, lakini haumpi mama ushindi wa moja kwa moja. Baba anayeonyesha kwamba mtoto atakuwa salama na kutunzwa vyema zaidi kwake husikilizwa pia.

MAMBO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Mabishano mengi huanza kwa sababu wazazi hutumia neno "malezi" kwa maana tofauti. Mahakama hutenganisha mambo matatu.

Ulezi wa kisheria ni mamlaka ya kufanya maamuzi makubwa: shule, matibabu, dini, safari za nje ya nchi. Mara nyingi wazazi wote wawili huachiwa mamlaka hayo pamoja hata baada ya talaka.

Kukaa na mtoto ni kumtunza kila siku: kumpikia, kumpeleka shule, kumlaza. Jukumu hili linaweza kupewa mzazi mmoja au kugawanywa.

Haki ya kuonana ni ya mzazi asiyekaa na mtoto. Inaweza kuwa wikendi, likizo, au mazungumzo ya simu ya video kwa siku na saa zilizokubaliwa. Kwa mzazi aliye Ulaya, simu hizo ndizo uzi unaomuunganisha na mwanawe, kwa hiyo zinafaa kuandikwa ndani ya amri ya mahakama badala ya kuachiwa hisani ya mwenzake.

Kuna jambo la nne linaloenda sambamba na haya, nalo ni matunzo, yaani chakula, karo, mavazi na matibabu. Mzazi hawezi kukataa kutoa matunzo kwa kuwa amenyimwa kumwona mtoto. Vilevile, mzazi anayekaa na mtoto hawezi kumficha kwa kuwa matunzo hayajaletwa. Kila moja lina amri yake, na atakayeumizwa na mvutano huo ni mtoto.

PASIPOTI HAIAMUI MALEZI

Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema kwamba mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au nje. Kifungu cha 16 kinamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kupoteza ule wa Kenya. Kwa sababu hiyo, watoto wengi wa ndoa za namna hii wana pasipoti mbili.

Wazazi wengine hudhani kwamba mtoto mwenye pasipoti ya Italia "ni wa" mzazi Muitaliano, au kwamba mtoto aliyezaliwa Malindi hawezi kuondolewa Kenya. Fikra zote mbili si sahihi. Uraia unampa mtoto haki ya kuingia na kuishi katika nchi hizo, lakini hauamui nani atamlea. Lakini kwa upande wa usalama, pasipoti ya pili ni jambo la kuangaliwa. Mzazi akishikilia pasipoti ya Kenya ya mtoto huku mwenzake ana ya kigeni, mlango wa safari bado uko wazi.

MTOTO AKIVUKA MPAKA

Tarehe 25 Oktoba 1980, nchi kadhaa zilikubaliana huko The Hague, Uholanzi, kuhusu mkataba wa kuwarudisha watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja kinyume cha haki. Mkataba huo unawahusu watoto walio chini ya miaka 16. Mtoto akitolewa katika nchi anayoishi bila idhini ya mzazi mwenye haki ya malezi, mahakama ya nchi alikopelekwa hutakiwa kumrudisha haraka, ili mahakama za nchi alikokuwa akiishi ndizo ziamue suala la malezi. Italia, Ujerumani, Uingereza na Uswisi zote zimo ndani ya mkataba huo.

Kenya haijajiunga nao. Hili ndilo jambo ambalo mzazi yeyote katika ndoa ya mataifa mawili hana budi kulielewa kabla ya kuruhusu safari.

Chukulia mfano wa mama wa Mtwapa aliyeolewa na Mjerumani. Ndoa imeyumba, lakini hakuna kesi iliyofunguliwa. Mwezi wa Agosti baba anamchukua mtoto wa miaka sita kwenda kumsalimia bibi yake Ujerumani. Likizo inakwisha, na baba anapiga simu kusema mtoto ameandikishwa shule huko. Mama hawezi kuutumia mkataba wa mwaka 1980. Itambidi aende katika mahakama ya familia ya Ujerumani, kwa lugha ya huko na wakili wa huko. Ujerumani ina utaratibu wa kumsaidia gharama za kesi mtu asiye na uwezo, hata kama ni mgeni, lakini muda unahesabiwa. Kila muhula mtoto anapozoea shule na marafiki wapya, hoja ya kumwacha abaki huko huongezeka nguvu.

Sasa tazama upande wa pili. Mama Muitaliano anayeishi Watamu anaachana na mume wake Mkenya, na mume anampeleka mtoto kwa jamaa zake katika kaunti nyingine na kukata mawasiliano. Mama huyo hahitaji kuwa raia wa Kenya ili asikilizwe. Anaweza kufungua kesi katika Mahakama ya Watoto, na sheria itampima kwa kipimo kile kile cha maslahi ya mtoto.

Amri iliyotolewa na mahakama ya nje haigeuki kuwa amri ya Kenya mara mtoto anapotua uwanja wa ndege. Hakimu wa hapa huiheshimu na kuizingatia, lakini bado atauliza ni nini kinachomfaa mtoto. Ndivyo ilivyo pia kwa amri ya Kenya ikipelekwa nje.

MKENYA ANAYEISHI UGHAIBUNI

Wapo wakazi wa kaunti ambao watoto wao wa kike au wa kiume wameolewa au kuoa na kuhamia Ulaya au Marekani. Ndoa inapokuwa chungu, ushauri wa kwanza kutoka nyumbani huwa, "Chukua mtoto urudi." Ushauri huo unatolewa kwa upendo, lakini unaweza kumtia mtu gerezani. Uingereza ina sheria ya mwaka 1984 inayofanya kuwa kosa la jinai mzazi kumtoa nchini mtoto wa chini ya miaka 16 bila idhini inayotakiwa. Marekani ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 1993. Nchini Ujerumani pia mzazi anaweza kushtakiwa kwa kumpeleka mtoto nje ili mwenzake asimpate. Mzazi aliyekimbia anaweza kushindwa kurudi katika nchi hiyo, na tendo hilo likatumiwa dhidi yake katika kesi ya malezi.

Hofu nyingine ni ya kibali cha kuishi: mzazi Mkenya hudhani talaka ikitoka atafukuzwa na mtoto atabaki. Katika nchi kadhaa sivyo. Ujerumani, kwa mfano, inaruhusu mzazi mgeni mwenye jukumu la kumlea mtoto Mjerumani kupata kibali cha ukaazi kwa sababu ya malezi hayo. Nchini Italia, tangu sheria ya mwaka 2006, kanuni ya kawaida ni kwamba wazazi walioachana huendelea kuwa na ulezi wa pamoja. Kwa hiyo mzazi ana nafasi ya kusikilizwa huko huko aliko. Kinachofaa kutoka nyumbani ni kumhimiza aone wakili wa familia na awasiliane na ubalozi wa Kenya.

HATUA ZA KUCHUKUA MAPEMA

1. Nyaraka ziwe kamili. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, nakala za pasipoti zote za mtoto, rekodi za kliniki na barua za shule ziwekwe mahali salama. Rekodi za shule na kliniki huonyesha mtoto anaishi wapi na nani humhudumia.

2. Mapatano yaandikwe. Wazazi wanaoelewana wanaweza kukubaliana juu ya malezi, likizo, simu na matunzo, kisha wakaomba mahakama iyapitishe kuwa amri. Mapatano ya mdomo hayamsaidii mtu akiwa ofisi za nchi nyingine.

3. Safari iwe na masharti. Idhini ya safari itaje tarehe ya kwenda na ya kurudi, anwani mtoto atakakokaa, na nakala ya tiketi ya kurudi.

4. Palipo na hofu ya kweli, mahakama iombwe amri mapema. Inaweza kuzuia mtoto kutolewa nchini, kuagiza pasipoti zikabidhiwe mahakamani, na kuelekeza Idara ya Uhamiaji ijulishwe. Ombi la dharura linaweza kusikilizwa kabla ya kesi yenyewe.

5. Amri ya matunzo ieleze wazi. Kwa mzazi anayeishi nje, iseme ni kiasi gani, kwa sarafu ipi, tarehe ipi na kwa njia ipi. Kumfuatilia aliye ng'ambo kwa amri isiyo na maelezo ni kazi ngumu.

6. Mtoto asitumwe. Asifanywe mjumbe wala shahidi wa ugomvi. Maneno mabaya kuhusu mzazi mwenzake hubaki moyoni mwake muda mrefu baada ya hukumu.

PA KUPATA MSAADA

Hatua ya kwanza iliyo karibu ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Afisa wa watoto anaweza kuwakalisha wazazi na kuwasikiliza, na mahakama ikihitaji, huandaa ripoti kuhusu hali ya mtoto. Simu ya bure ya watoto ni 116.

Kesi za malezi hufunguliwa katika Mahakama ya Watoto, inayosimamiwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Talaka ya Waislamu inaweza kusikilizwa na Mahakama ya Kadhi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Ulinzi wa Sheria ya Watoto, hata hivyo, ni wa mtoto wa dini yoyote.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Chifu au msimamizi wa wadi anaweza kumwelekeza mkazi mahali pa kuanzia, ingawa hana mamlaka ya kuamua mtoto akae na nani.

Somo hili ni la kuelimisha, na haliwezi kuchukua nafasi ya ushauri wa wakili, kwa sababu kila familia ina hali yake. Lakini kanuni moja inazifaa familia zote za mataifa mawili: swali la malezi lijibiwe na lipate amri ya mahakama wakati mtoto bado yuko nyumbani, kabla begi la safari halijafungwa.