HERUFI ZA MADAHA NA TAREHE ILIYOPOTEA

Ule mwaliko wa tamasha la chama chetu uliosomeka tarehe 11 badala ya 14 niliuandaa mimi. Shtaka nimelikubali. Lakini niliandika 14 sawasawa! Hebu nikueleze jinsi ile 4 ilivyogeuka 1.

Chukua jarida la mitindo liitwalo Vogue, ulitazame jina lake. Mguu mmoja wa V ni mnene, wa pili mwembamba kama uzi. Kwenye ncha mna vijistari vyembamba vilivyolala, ndivyo huitwa serifu. Wauzaji wa manukato na mavazi ya bei ghali huzipenda sana herufi za ukoo huu. Fonti zake mashuhuri ni Bodoni na Didot, na yote mawili ni majina ya watu.

Giambattista Bodoni alikuwa mchapaji wa Italia aliyekwenda Parma mwaka wa 1768 kusimamia matbaa ya mtawala wa huko. Firmin Didot alichonga herufi zake Paris katika miaka ya 1780. Kabla yao, Mwingereza John Baskerville alikuwa amekwisha kutafuta karatasi laini zaidi na wino mweusi zaidi, kwani mstari mwembamba hauonekani vizuri kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Kuchonga uzi kama ule katika chuma, kisha kumimina risasi upatikane bila kukatika, si mchezo. Ongeza karatasi nzuri na pambizo pana: kitabu hicho hakikuwa cha mlalahoi. Nadhani hapo ndipo harufu ya utajiri ilipozishika herufi hizi.

Sasa turudi kwa 4 yangu. Katika Bodoni, 4 ina nguzo moja nene. Mstari wa mshazari na ule uliolala ni nyuzi tupu. Niliupanga mwaliko kwenye kompyuta kwa pointi 9, nikajisifu. Kumbe herufi ikipunguzwa, uzi nao hupungua! Mashine ya kurudufu, pamoja na zile karatasi zetu za kijivu, ikazila nyuzi zote. "e" zikawa "c", na 14 ikawa 11. Siku ya wiki sikuwa nimeiandika.

Wachora fonti wanaujua ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jonathan Hoefler alipolichorea jarida la Harper's Bazaar Didot mpya, alitoa michoro ya ukubwa saba mbalimbali, ili uzi ubaki mwembamba kwenye kichwa kikubwa na usikatike kwenye maandishi madogo. Mimi nilikuwa na mchoro mmoja tu.

Tarehe 11, babu yake mwenzetu wa Kidato cha Pili alifika langoni, amesafiri tangu alfajiri kuja kumsikia mjukuu akighani shairi.

"Shikamoo babu," nikasema, nikakosa la kuongeza.

"Marahaba." Akanionyesha kadi. "Hapa si kumi na moja, mjukuu wangu?"

Nikaitazama. Ilikuwa kumi na moja. Mjukuu wake akaitwa kutoka darasani, akamghania pale pale chini ya mti. Tarehe 14 babu hakurudi. Nauli ilikuwa imekwisha.

Katika mwaliko wa mwaka huu, neno TAMASHA pekee liko kwa Bodoni, pointi 72. Siku na tarehe tumezipanga kwa herufi nene za kawaida. Kabla ya kurudufu zote, nilitoa nakala moja kwa mashine ile ile, nikampa mpishi wa shule anisomee bila miwani.