Kichocheo cha Sumaku: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Maabara za Mlimani

Kwa mwanafunzi wa kemia anayetafuta mradi, ni vigumu kupata kitu cha kuvutia kuliko kichocheo cha sumaku. Ni unga mweusi wa oksidi ya chuma uliobebeshwa shaba au paladiamu. Unafanya kazi yake ndani ya chupa, unanaswa kwa sumaku, unaoshwa, unatumika tena. Wazo ni zuri na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini sisi tunaishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kinachomwagwa nyuma ya maabara kinaingia kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia) wa mtu, kinapita kihambani (shamba la nyumbani), kinashuka na mto Karanga au Weruweru hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki wa kula. Kwa hiyo masharti yafuatayo hayana "ikiwezekana".

Unapotengeneza unga wenyewe, chemsha maji kabla ya kuyeyusha chumvi za chuma. Oksijeni iliyomo kwenye maji huharibu chuma(II), na maabara nyingi hazina mtungi wa naitrojeni. Maji yaliyochemshwa yakapoozwa kwenye chombo kilichofunikwa yanatosha kwa kazi ya kufundishia. Wala usiandike kwenye daftari kwamba yalichemka kwenye nyuzi 100, kwa sababu Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na ukipanda Kibosho ni chini ya hapo. Andika ulichokisoma kwenye kipimajoto, si ulichokariri kitabuni.

Pima kwa uwiano wa moli mbili za chuma(III) kwa moli moja ya chuma(II). Gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) yenye maji yake sita zinakwenda na gramu 2.8 za salfeti ya chuma(II) yenye maji yake saba. Tia amonia, dirisha likiwa wazi, hadi pH ifike 10. Mashapo lazima yawe meusi. Yakiwa ya kahawia, chuma(II) kimeshaharibika: peleka kwenye chombo cha taka uanze upya. Mavuno hayawezi kuzidi gramu 2.3. Ukipima gramu 3, bado kuna maji au chumvi ndani, na kila hesabu utakayofanya baadaye itakuwa ya uongo.

Usikoroge kwa kikorogeo cha sumaku. Unga wote utaganda kwenye kile kijiti cheupe cha kukorogea kilicho ndani ya chupa, mmenyuko utadorora, na utalaumu kichocheo bure. Tumia mota ya juu, au koroga kwa fimbo ya kioo. Kwa kunasia, sumaku ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio inafaa. Iweke nje ya chupa na usiizamishe kamwe.

Usichukue mchanga mweusi wa mtoni ukauita kichocheo. Ni kweli kwamba sumaku ikipitishwa kwenye mchanga wa mito ya volkeno inatoka na ndevu nyeusi. Lakini chembe zile ni kubwa mno, eneo lake la juu ni dogo, na ndani yake mna titani iliyochanganyika na chuma. Zinafaa kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari sumaku inavyochagua, basi.

Vika unga wako silika kabla ya kuukutanisha na asidi. Njia aliyoieleza mtafiti Stöber na wenzake mwaka 1968, ya ethanoli, maji na amonia, bado inatosha. Unga usiovikwa huyeyuka kwenye asidi ya haidrokloriki, na ukiyeyuka huna tena cha kunasa.

Sasa shaba, na hapa sina upole. Kahawa ya Kilimanjaro imenyunyiziwa mrututu (salfeti ya shaba) na dawa nyingine za shaba kwa miongo mingi, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wa kihamba, msimu juu ya msimu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) pale Lyamungu wamezalisha miche chotara inayostahimili magonjwa hayo, na sababu mojawapo ni mkulima apunguze dawa. Itakuwa aibu maabara inayojiita rafiki wa mazingira irudishe shaba ileile kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo jaribu hivi kila mara: mmenyuko ukifika nusu, nasa unga kungali moto, hamishia kimiminika kwenye chupa nyingine, kisha endelea kukipasha. Kazi ikiendelea bila unga, shaba imeachia, na sumaku haiwezi kuirudisha. Usikimwage kimiminika hicho. Kipime shaba kwenye mashine ya kupimia metali, hata kama ni lazima uombe mashine ya chuo kingine.

Usihesabu mizunguko kwa kupima mazao ya mwisho peke yake. Kichocheo kilichopoteza nusu ya nguvu zake bado kinaweza kufikisha asilimia 95 ukikiacha usiku kucha. Pima mapema, mmenyuko ukiwa asilimia 20 au 30, mzunguko wa kwanza na wa tano kwa dakika zilezile. Hapo ndipo uchovu unapoonekana.

Pima pia taka. Mkemia Roger Sheldon alitufundisha mwaka 1992 kugawa kilo za taka kwa kilo za zao. Ethanoli ya kuoshea unga baada ya kila mzunguko imo kwenye hesabu hiyo, na mara nyingi ndiyo inayoibeba. Ichenjue kwa kuikeneka, uitumie tena.

Usinunue kemikali za mfukoni zisizo na lebo. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na inawahusu walimu kama inavyowahusu wenye viwanda.

Unga uliochoka usiutupe jalalani wala shimoni. Ukaushe, uufunge kwenye chupa, andika metali iliyomo, uzito na tarehe, uukabidhi kwa msimamizi wa maabara kwa maandishi. Kama uzito huo haulingani na ulioanza nao, usifunge mradi. Tafuta kilichopungua kimekwenda wapi.